Nani Humlisha Dereva Anayejifunza?

Ukisoma habari za usafiri Kusini mwa Tanzania utakutana na vitu vizito: reli, bandari, daraja, lami. Utakutana na wakubwa walioagiza na wahandisi waliopima. Mtu mmoja humkuti: yule anayejifunza kuendesha. Dereva huletwa kwetu akiwa dereva tayari. Hata katika riwaya nilizosoma, anaingia na lori lake, na sifa zake, na wanawake wake wa njiani. Miaka aliyokaa juu ya mzigo akipigwa na vumbi haisimuliwi, wala hatuambiwi nyumbani kwake walikuwa wanakula nini miaka hiyo.

Nataka kuiandika miaka hiyo, pamoja na swali ambalo kila mwanafunzi mwenye mke na watoto hulala nalo: niendelee au niache? Kwa kawaida tunalijibu kwa habari za moyo. Mwenye moyo ataendelea, mlegevu ataacha. Mimi nadhani historia ya huku kwetu inatoa jibu jingine. Swali lenyewe ni nani analipa.

Tuanze kabla ya gari. Mwaka 1906, Maji Maji ikiwa bado haijapoa, Mjerumani Karl Weule alitoka Lindi kwenda Masasi, kisha Chingulungulu na Newala, kutazama maisha ya watu. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi. Miaka kumi na moja baadaye vita vya Wazungu vilipita njia hizo hizo. Oktoba 1917 walipigana Mahiwa, na Novemba mwaka huo Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Majeshi ya pande zote mbili yalitembea juu ya migongo ya wapagazi. Sasa fikiria nyumba ambayo mwanamume wake amechukuliwa kubeba mzigo msimu wa kulima. Shamba halikusubiri vita viishe. Lilimngoja mke, mama na watoto. Kwa hiyo kabla lori la kwanza halijafika, mpango ulikuwa umeshakaa: usafirishaji wa mbali ulitegemea chakula kilicholimwa na mtu mwingine.

Lori lilipokuja lilileta kazi mpya, ya utingo. Pwani wengine humwita taniboi au tandiboi, neno lililotoka kwenye Kiingereza. Utingo ndiye anayefunga turubai na kulala juu ya mzigo ili usiibwe. Anakimbilia kuweka kigingi nyuma ya tairi gari likikwama kwenye mlima. Anaosha gari, anashikilia tochi fundi akiwa chini, anatumwa chai. Na ndiye mwanafunzi. Darasa lake ni kuangalia mguu wa dereva kwenye klachi, na mtihani wake ni siku dereva akichoka na kumwambia, "Haya, sogeza hapo." Wapo waliojifunza jeshini, maana Vita vya Pili vya Dunia viliwafanya Waafrika wengi wa Tanganyika, Kenya na Uganda kuwa madereva wa magari ya kijeshi. Lakini baada ya vita, raia wa kawaida aliingia kwa mlango wa utingo. Mlango huo haukuwa na ada, wala haukuwa na mshahara wa kutajika. Ulikuwa na posho, na posho huliwa njiani.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ni jirani yetu kabisa. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu kwa mashine. Mashine zikaja, nyingi zikiwa mitumba ya vita, lakini watu wa kuziendesha hawakuwepo. Ikabidi kuwafundisha haraka haraka watu ambao hawajawahi kushika usukani. Ardhi ilikuwa ngumu, visiki vilikuwa vigumu zaidi, vipuri havikufika. Kabla mwaka ule haujaisha sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala. Januari 1951 London ikatangaza kwamba inaachana na mradi, baada ya pauni zipatazo milioni 36 kupotea.

Hapo pananichekesha kila nikipasoma. Wenye mradi walikaa chini, wakapiga hesabu, wakaona hailipi, wakaacha. Ulikosolewa mpango, ikalaumiwa haraka yao, lakini hakuna aliyesema Waingereza hawana moyo wa kazi. Aliyefundishwa trekta pale Nachingwea akarudi kwao na ujuzi nusu, naye hakuwa na bunge la kumjadili.

Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga ikabaki. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, karanga zikiwa zimeshashindwa, na treni zikawa zinakwenda Nachingwea na tawi lake Masasi. Mzigo haukutosha. Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa na miezi michache tu ya uhuru, reli ikafungwa, baadaye ikang'olewa. Hapo pia watu wakubwa walipiga hesabu, wakaacha.

Kufungwa kwa reli ndiko kulikoifanya Kusini kuwa nchi ya malori. Korosho zikatakiwa kubebwa kwa gari mpaka Mtwara, na sabuni, sukari na saruji kurudi kwa gari. Kwenda Dar es Salaam ulilazimika kuvuka Rufiji kwa pantoni, na masika yakikolea unaweza kukaa njiani siku ambazo hukuzipanga. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Kwa utingo kukwama kulikuwa na maana moja: posho imeisha, nyumbani hawajui uko wapi, na hakuna simu.

Upande wa pili wa nchi, Novemba 1965, Rhodesia ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wake wa kibaguzi na Zambia ikakatiwa njia ya mafuta. Malori yakaanza kukimbia kati ya Dar es Salaam na Zambia kwenye barabara mbovu kiasi kwamba Wazungu waliipa jina la jehanamu. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya pamoja ya Tanzania na Zambia yenye malori ya Fiat. Bomba la mafuta likamalizika mwaka 1968, TAZARA ikaanza kazi katikati ya miaka ya 1970. Kwa vijana wa mikoa mingi, miaka hiyo ndiyo iliyomfanya dereva wa masafa kuwa mtu mkubwa: anajua Tunduma, anajua Lusaka, anarudi na redio. Sifa ya dereva tuliyonayo mpaka leo ilikua wakati ule. Na ndiyo inayomshikilia mwanafunzi asiache.

Lakini huku Masasi na Newala, aliyemlisha mwanafunzi alikuwa mkorosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilipata zaidi ya tani 140,000 za korosho ghafi, nyingi kutoka Kusini. Katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa haimvutii mtu kupalilia, na ugonjwa wa ubwiriunga ulipiga maua. Wanahistoria wa uchumi wanaieleza anguko hilo kwa tani na fedha za kigeni. Mimi nalisoma kwa utingo. Nyumba ambayo mwaka 1973 ingeweza kumvumilia kijana wake miaka mitatu juu ya lori, mwaka 1985 isingeweza hata miezi mitatu. Kijana ni yule yule, na moyo wake ni ule ule. Kilichobadilika ni mti.

Baadaye shule zikaingia. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianzishwa mwaka 1975, na VETA ikaja miaka ya 1990. Siku hizi anayetaka leseni ya magari makubwa anatakiwa awe na cheti cha chuo kinachotambuliwa. Ni jambo jema, maana barabara zetu zimezika watu wengi mno. Ila ugumu mmoja haukutajwa. Cheti hakikufuta utingo, kimeutangulia tu. Mtu analipa ada, anapata cheti, anakwenda kwa tajiri mwenye malori, anaulizwa uzoefu. Hana. Basi anapanda juu ya mzigo kama babu yake, akisubiri kuambiwa "sogeza hapo". Zamani alikuwa anatoa muda. Sasa anatoa ada kwanza, halafu muda.

Shemeji yangu yuko hapo. Ameoa mdogo wangu, na kwa desturi yetu sisi watu wa upande wa mama, Wayao, Wamakua, Wamakonde, yeye ndiye aliyehamia kwetu, Chiungutwa, kwenye barabara ya kutoka Masasi kwenda Newala. Wana watoto wawili. Cheti anacho. Mwaka wa pili huu anazunguka na lori la mtu. Pilikapilika anaziona: makaa ya mawe ya Mbinga yanapita Tunduru na Masasi kwenda bandari ya Mtwara, na barabara ya Mtwara, Newala na Masasi, kilomita 210, inawekewa lami kipande kwa kipande. Kazi ipo, anaiona kwa macho. Lakini usukani hajapewa, zaidi ya kuingiza gari yadi. Akaniuliza, "Shemeji, niache?"

Ananiuliza mimi kwa sababu mimi ndiye mjomba wa watoto. Huku kwetu mjomba akisema neno, linakaa. Wazee wa nyumbani walikuwa wameshasema lao: mwanamume haachi kitu njiani, avumilie, mvumilivu hula mbivu. Nikampigia kwanza mdogo wangu. Akanipa hesabu ambayo mwenzake hakunipa.

Kuanzia Juni mpaka Agosti mikorosho inataka kupuliziwa salfa kwa ajili ya ule ubwiriunga. Mume yuko njiani, kwa hiyo analipwa kibarua. Palizi, kibarua. Ada ya chuo ilitoka kwenye korosho ambazo hazijaokotwa: alikwenda kwa mtu wa kangomba, akachukua hela mapema, msimu ulipofika akampimia korosho kwa bakuli kwa bei ya kutupa, wakati wenzake wanapeleka zao ghalani kusubiri mnada. Akanikumbusha pia msimu wa 2018, Rais Magufuli alipokataa bei ya wanunuzi, akatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na kuliagiza jeshi lisombe korosho. Wengi walisubiri malipo mpaka mwaka uliofuata. "Kaka," akaniambia, "mwaka kama ule ukirudi na yeye yuko juu ya lori la watu, sisi tunakula nini? Mimi sijachoka naye. Nimechoka kusubiri kitu kisichokuwa na tarehe."

Maneno hayo yamenifundisha kuliko kitabu. Tunamwita dereva mtu aliyejitengeneza, wakati nyuma yake kuna mke aliyeuza korosho kwa bakuli. Tajiri anapata mlinzi, mpakizi na muosha gari kwa bei ya posho, na tofauti ya mshahara inalipwa na shamba la Chiungutwa. Ruzuku hiyo haimo kwenye vitabu vya hesabu vya mtu yeyote. Ilikuwepo wakati wa wapagazi, ikaendelea enzi za Fiat, na leo ipo kwenye malori ya makaa.

Kwa hiyo mimi siamini tena ile methali peke yake. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini anakula nini akingoja ziive, na ni nani anayempikia? Uvumilivu unaosifiwa ni wa mtu mmoja, na gharama ni ya nyumba nzima. Tena siamini upande wa pili, wa wale wanaosema aache tu, udereva hauna maana. Ujuzi ule ni wa kweli. Akipewa usukani, nyumba ile itaacha kwenda kwa kangomba.

Nilichomwambia shemeji ni kwamba asiamue peke yake, na asiamue njiani. Arudi wakati wa salfa, wakae na mke wake na mama mkwe, waandike kwenye daftari kile ambacho nyumba imeshatoa na kile inachoweza kutoa bila kugusa korosho za msimu ujao. Halafu waweke tarehe. Mimi nilipendekeza mwisho wa mnada wa korosho, maana hapo ndipo malori yanapohitaji watu zaidi na tajiri hana kisingizio. Akipewa usukani kabla ya hapo, vizuri. Asipopewa, anashuka, na anayeshuka kwa tarehe iliyopangwa na nyumba yake hajashindwa. Cheti hakiozi. Gari dogo lipo, Fuso za mizigo ya Masasi mjini zipo, shamba lipo.

Wazee hawakufurahi sana. Mmoja akaniuliza tangu lini mwanamume akaacha kazi kwa kuandika kwenye daftari. Nikamjibu, tangu mwaka 1951, mzee wangu, hapo Nachingwea. Waliandika pauni milioni 36, wakafunga daftari, wakapanda meli. Sisi tunaomba tu kuandika bei ya salfa.