Sauti Iliyoondolewa: Rege, Dabu na Suala la Bahari

Makala haya yanakusudia kutetea jambo ambalo wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili huwaachia vijana wa matatu: kwamba historia ya rege, dabu na dansihole ni sehemu ya historia ya fasihi, wala si ya burudani pekee. Yafaa mwandishi akiri mapema kwamba hajitengi na mada yake. Alianza kuisikiliza miziki hii kwenye kaseti zilizochakaa alipokuwa katika shule ya upili, na hajaiacha hadi leo. Alipotaka kuiandikia tasnifu, mwalimu mmoja alimjibu kwamba nyimbo hizo hazina matini. Jibu hilo ndilo tunalolichunguza hapa.

Tuanzie Kingston. Jamaika ilipata uhuru wake tarehe 6 Agosti 1962. Hata kabla ya hapo, watu wa mitaa ya kimaskini walikuwa wakikusanyika viwanjani mbele ya mitambo mikubwa ya sauti ya akina Duke Reid na Coxsone Dodd. Kando ya mtambo alisimama msemaji mwenye kipaza sauti, akiichangamsha hadhira na kuwatania washindani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikaanza kutolewa sahani za santuri zenye wimbo upande mmoja na, upande wa pili, wimbo uo huo ukiwa umeondolewa sauti ya mwimbaji. Husimuliwa kwamba chanzo kilikuwa kosa la fundi aliyesahau kuiingiza sauti hiyo. Liwe kosa au makusudi, hadhira ilijaza pengo kwa vinywa vyake.

Aliyeligeuza pengo hilo kuwa sanaa ni Osbourne Ruddock, aliyejulikana kwa lakabu ya King Tubby, fundi wa umeme na redio wa mtaa wa Waterhouse. Aliubomoa wimbo hadi ukabakia ngoma na besi, kisha akaruhusu neno moja la mwimbaji lizuke, lipige mwangwi na kukatika kabla halijakamilisha maana. Hapo ndipo mwalimu wetu alipokosea. Sisi wahakiki tumezoea kuiona matini kuwa ni kile kilichosemwa. Dabu hutulazimisha kusoma kilichonyamazishwa. Naye U-Roy, alipozitolea nyimbo za zamani matoleo mapya mwaka 1970, aliacha vipande vya sauti ya kwanza visikike ili avijibu, avibeze au avikubali. Kama hayo si majibizano, basi hatuna budi kulifasili upya neno hilo.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni bahari. Mshairi wa Kiswahili hadai kuwa ameibuni bahari ya utenzi. Huikuta, na ustadi wake hupimwa kwa namna anavyoogelea ndani yake. Ndivyo ulivyo mdundo wa Jamaika. Mdundo wa “Stalag”, uliorekodiwa miaka ya 1970 chini ya mtayarishaji Winston Riley, ulimbeba Sister Nancy katika “Bam Bam” mwaka 1982, ukambeba Tenor Saw katika “Ring the Alarm” mwaka 1985, na wengine wengi. Anayelalamika kwamba ni muziki ule ule ni sawa na anayelalamika kwamba tenzi zote zina mizani minane. Hata hivyo, mlinganisho huu una mpaka. Bahari haina hatimiliki, ilhali mdundo una mwenyewe, na ndio maana msanii huweza kusikika duniani kote bila ya kupata malipo. Sister Nancy mwenyewe amesema hadharani kwamba hali hiyo ilimkumba kwa miongo kadhaa.

Hatuiteui Jamaika kwa bahati nasibu. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai mageuzi ya Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi, fasihi simulizi na fasihi ya Karibiani zilikuwa miongoni mwa madai yao. Mshairi Edward Brathwaite wa Barbados, aliyekuja kutetea lugha ya watu wa visiwa hivyo katika History of the Voice (1984), alipewa jina la Kamau huko Limuru na nyanyake Ngũgĩ. Inashangaza kwamba tulimpa jina, kisha tukaifungia nje miziki ambayo kutoka kwayo hoja yake ilipata nguvu.

Dansihole ndiyo inayotutia majaribuni. Tangu kinanda kidogo cha Casio kilipoutoa mdundo wa “Sleng Teng” mwaka 1985, nafasi ya bendi ilipungua na ya maneno ikapanuka. Miongoni mwa maneno hayo mna ubabe, matusi kwa wanawake na wito wa kuwadhuru watu wa jinsia moja wanaopendana. Carolyn Cooper, katika Noises in the Blood (1993), ametuonyesha kwamba uchafu wa dansihole aghalabu ni ubishi dhidi ya adabu za tabaka la juu. Twakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Lakini wito wa kuua hautakaswi na nadharia. Zimo nyimbo ambazo mwandishi wa makala haya alizipenda ujanani kwa sababu ya besi, akaja kuyaelewa maneno yake baadaye, baada ya kuizoea Krioli ya Jamaika. Mdundo wake bado anaweza kuupiga mezani kwa vidole. Sahani hazichezi tena, isipokuwa upande wa pili.