Amani na Ua la Mwambani

Gari likishaiacha michungwa ya Muheza na kuipita Kisiwani, hufika Sigi, na hapo dereva hupunguza gia. Mbele ni kona juu ya kona mpaka Amani, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari. Abiria walioizoea njia husinzia. Mgeni huangalia bonde, asione kilicho upande wa pili wa dirisha: mwamba mbichi ulioota ukungu wa kijani, maji yakichuruzika taratibu, na ndani ya ufa wake kijimmea kisichozidi upana wa sahani.

Majani yake ni ya duara, manene kidogo, yamejaa vinyweleo laini kama shavu la pichi. Ua lina petali tano za zambarau, na katikati vifuko viwili vya chavua, vya manjano kabisa. Vifuko hivyo havipasuki ovyo. Kila kimoja kina tundu dogo, na chavua haitoki mpaka nyuki alishike ua kwa miguu na kulitetemesha kwa mvumo wake, kama mtu anayekung'uta chumvi kwenye kikebe. Asali hamna, malipo ya nyuki ni hiyo hiyo chavua. Halafu kuna kijiti cha kike kinachochomoza pembeni: katika ua hili kimelalia kushoto, katika ua jirani kimelalia kulia.

Ua hili linauzwa katika maduka ya maua ya Ulaya na Marekani, na limepamba madirisha ya bibi na babu za watu kwa zaidi ya miaka mia. Wajerumani hulijua kwa jina la Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Waingereza waliona Usambara haitoshi, wakalipa jina la Afrika nzima. Wataalamu waliliita Saintpaulia.

Jina hilo ni la mtu. Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mkuu wa wilaya ya Tanga katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Wajerumani, baada ya vita vya Abushiri kuzimwa. Aliuona mmea mahali pawili: kwenye mawe ya chokaa umbali wa saa moja hivi kutoka mji wa Tanga, na huko juu katika msitu wa Usambara. Akampelekea baba yake huko Ujerumani, aliyekuwa mpenzi wa bustani, na baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliutangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha, na mwaka huo huo ukaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji.

Lakini Saint Paul hakuwa wa kwanza. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alishatuma mmea wa namna hii kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, mwaka 1884. Miaka mitatu baadaye mwingine ulitumwa na mtu ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kwa habari tofauti kabisa: mmisionari W. E. Taylor wa Mombasa, yule aliyekusanya methali za Waswahili na, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, kuziokoa tungo za mshairi Muyaka zisipotee. Taylor aliokota mmea wake pande za Giriama na Shimba. Vielelezo vyote viwili vilifika Kew vikiwa vikavu na havikutosha kumwezesha mtaalamu kuupa mmea jina. Laiti vingetosha, huenda leo ua lingeitwa kwa jina la Taylor, na Mombasa ingekuwa na la kujivunia mbele ya Tanga.

Sababu iliyoufanya mmea huu usambae haraka vile ni wepesi wake wa kuzaa. Jani moja likichomwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mmea mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles, Armacost na Royston, walipanda mbegu walizoagiza kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua aina kumi zilizopendeza, na kutokana na hizo biashara ya Marekani ikaanza kutanuka. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo walianzisha chama chao nchini humo. Aina zilizozalishwa leo ni maelfu, na nyingi zina damu ya mimea michache tu iliyotoka Tanga. Hakuna sheria ya wakati ule iliyomdai mtu alipe chochote pale mbegu ilipotoka, wala hakuna aliyeuliza.

Huku nyumbani, Wajerumani walikuwa na shughuli kubwa zaidi. Mwaka 1891 walishaanza kupanda kahawa Derema, wakiamini kwamba ardhi inayobeba msitu mzito namna ile lazima ina rutuba ya ajabu. Walikosea. Rutuba ya Usambara Mashariki imo ndani ya miti yenyewe na katika majani yanayooza chini yake. Msitu ukifyekwa, mvua huchukua kilichobaki. Kahawa ikazorota. Funzo hilo halikuwazuia kuanzisha Amani mwaka 1902, taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo chini ya Franz Stuhlmann, ambayo katika muda mfupi ilisifika kuliko nyingi za aina yake katika nchi za joto.

Amani iliumbwa kupokea wageni. Mkwinini, mpira, mkafuri, mitiki, mikalitusi, viungo vya Asia, miti ya mbao kutoka kila pembe ya dunia: mamia ya aina yalipandwa kwenye viwanja vilivyoteremka kutoka kilimani hadi Sigi, ili ijulikane ipi itaingiza fedha. Hata leo mtu hutembea pale chini ya miti mirefu iliyopangwa kwa safu na kudhani yumo msituni, kumbe yumo shambani mwa majaribio ya zaidi ya karne moja iliyopita. Reli ndogo kutoka Tengeni ilifika Sigi mwaka 1910 kuchukua mbao. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga bahari, maabara za Amani zilitengeneza kwinini ya askari wa Kijerumani kutokana na magome ya mikwinini iliyopandwa pale pale, pamoja na sabuni, mishumaa na hata pombe kali. Waingereza waliingia mwaka 1916.

Kazi ya kupalilia, kupanda na kubeba ilifanywa na vibarua wa Kiafrika. Majina yaliyobaki kwenye mimea ni ya wengine: msambu, mti wa matunda makubwa yenye mbegu za mafuta, ukawa Allanblackia stuhlmannii, na ua moja la mwambani likapewa jina la Grote, mmoja wa Wajerumani wa Amani.

Waingereza nao waliipa Amani miaka yake mizuri, kuanzia mwisho wa miaka ya 1920. P. J. Greenway alikusanya na kukausha mimea kwa maelfu. Hazina hiyo ilihamishiwa Nairobi baadaye na ndiyo shina la mkusanyo mkubwa wa mimea ya Afrika Mashariki uliopo huko. Reginald Moreau, aliyeajiriwa kwa kazi za ofisini na maktaba, alitumia jioni zake kuchunguza ndege, akawa bingwa wa ndege wa Afrika. H. H. Storey na R. F. W. Nichols walipambana na batobato la muhogo kwa kuuchanganya muhogo na mti wa mpira wa Ceará, ambao Wajerumani waliuleta kwa ajili ya utomvu. Mihogo iliyozaliwa Amani ilisafiri mpaka Nigeria, na damu yake imo katika mihogo inayolimwa sehemu nyingi za Afrika leo. Ni haki kuyasema haya, maana ni rahisi kuiandika Amani kama hadithi ya uporaji mtupu.

Ila mimea ya pale pale haikuwa na mtetezi wa namna hiyo. Ilikusanywa, ikapewa majina, ikabandikwa kwenye karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti ulianza kuhamia Muguga, Kenya, na Amani ikabakia na maabara ya malaria na ukimya.

Ukimya ulivunjwa na misumeno. Katika miaka ya 1970 na 1980 kiwanda cha mbao cha Tanga kilipanda mlimani kufuata miti mikubwa, hasa mtambara, ambao ubao wake ulifaa kwa plaiwudi. Mtambara ni mti wa misitu michache tu, na mwingine hukua kupita mita 50. Mashine na utaalamu viliungwa mkono na msaada wa Finland. Wanasayansi wa ndani na nje walipiga kelele, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 uvunaji wa mashine ulisimamishwa. Kisha Finland hiyo hiyo ikawa mfadhili mkuu wa mradi wa kuhifadhi misitu ya Usambara Mashariki. Wazee wa vijijini waliowaona wafadhili wakirudi na kazi ya kinyume wana kila sababu ya kutabasamu.

Mti mkubwa ukianguka, ua la mwambani halikatwi. Hakuna anayelifuata na panga. Kinachoondoka ni kivuli. Jua hupiga mwamba saa sita, ukungu wa kijani hukauka na kubanduka kama rangi ya zamani ukutani, na katika misimu michache ufa uliokuwa na mimea kumi unabaki na vumbi. Ndiyo maana ua hili ni kipimo kizuri cha msitu: hesabu ya miti inaweza kudanganya, unyevu wa mwamba haudanganyi.

Mwaka 1997 Amani ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya daraja hilo Tanzania, yenye hekta 8,380. Sababu moja ilikuwa maua na vyura wasiopatikana kwingine. Nyingine, iliyoeleweka upesi zaidi na wakubwa, ilikuwa maji: mto Sigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalonywesha mji wa Tanga.

Jambo gumu lilikuwa Derema, palepale kahawa ya kwanza iliposhindwa. Msitu wake ulibaki kama daraja kati ya Amani na misitu ya kaskazini, nao ulikuwa mikononi mwa wanakijiji waliolima iliki chini ya miti. Kwa macho ya mpita njia, shamba la iliki ni msitu: miti mirefu ipo, kivuli kipo. Ukiinama unaona kwamba miche yote ya miti imefyekwa, hakuna mtoto wa mtambara wala wa msambu, na miti mikubwa ikifa hakuna itakayorithi. Lakini iliki ilikuwa ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpaka uliwekwa kuzunguka hekta 956, na zaidi ya wakulima 1,000 wakaorodheshwa, shina kwa shina, ili wafidiwe. Fedha zilichelewa kwa miaka. Wengine waliahidiwa ardhi tambarare kwenye shamba la zamani la mkonge la Kibaranga, mbali na mvua walizozizoea. Derema ikawa hifadhi rasmi mwaka 2010. Ua lilipata kivuli chake. Gharama ililipwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kuliona likiuzwa kwenye chungu.

Wakati huo wote wataalamu wa ua hili walikuwa wakibishana wanahesabu nini. B. L. Burtt wa Edinburgh, katikati ya karne ya ishirini, alitambua aina karibu ishirini, nyingi zikiwa za mlima mmoja au korongo moja: ya mlima Tongwe, ya Magunga, ya Shume, ya Mbololo huko Taita. Uchunguzi wa mwaka 2006 uliziunganisha nyingi zikabaki chache, na mwaka 2015 vipimo vya vinasaba viliifuta Saintpaulia yenyewe kama jina la jenasi na kuitia ndani ya Streptocarpus. Mabishano hayo yana uzito msituni, kwa sababu aina iliyofutwa kitabuni huporomoka pia katika orodha ya zinazostahili kulindwa. Mimea ya miamba ya bara ya Kilifi, katika nchi ile aliyoipita Taylor, sasa huhesabiwa kuwa tawi tu la ua la Tanga, na bado ni miongoni mwa mimea iliyo karibu zaidi kutoweka.

Wauzaji wa maua nao wameendelea kuliita Saintpaulia.

Kwa sasa adui wa Amani amevaa majani. Kabla ya Vita vya Kwanza, taasisi ilileta mti wa nchi za Ziwa Viktoria, Maesopsis eminii, uliopewa jina la Emin Pasha. Hukua mbio, ubao wake si haba, na baadaye ulipandwa makusudi mahali palipokatwa mbao. Kila pengo la msitu linapotokea, wenyewe hufika kwanza. Wasimamizi huung'oa, huukata gome kuuzunguka, huruhusu uvunwe. Na ukiuondoa wote kwa mara moja, mwamba wa chini hupigwa na jua lile lile lililofuata misumeno.

Matunda meusi ya Maesopsis hupendwa sana na hondohondo. Asubuhi, juu ya stesheni ya zamani ya Sigi ambayo reli yake ilishang'olewa, ndege hao huvuka bonde wawiliwawili, mbawa zikivuma mpaka mtu wa chini anainua kichwa, matumbo yao yamejaa mbegu, wakielekea upande wa Derema.