Wewe ni Taurus? Cheki Ng'ombe Mwenyewe Juu ya Garissa

Kama ulizaliwa kati ya Aprili 20 na Mei 20, mtandao umeshakuambia wewe ni Taurus: kichwa ngumu, unapenda msosi. Shida ni moja. Dunia huyumba polepole kama pia inayozunguka, so siku hizi jua linaingia kwa hizo nyota katikati ya Mei. Wewe wa Aprili 25, pole, jua lako lilikuwa kwa Kondoo.

Taurus mwenyewe ni ng'ombe dume. Wagiriki wanasema Zeus alimezea mate binti mfalme, Europa, akajigeuza fahali mweupe. Dem akapanda mgongoni, jamaa akaogelea naye mpaka Krete. Tabia mbaya, lakini ndio stori.

Toka nje ya taa za Garissa mjini, Novemba mwendo wa saa tatu usiku, uangalie mashariki. Ile nyota ya rangi ya machungwa ni jicho lake, Aldebaran. Ni kubwa kuliko jua letu mara 44 hivi kwa upana, na mwanga unaouona uliondoka huko kabla Kenya ipate uhuru. Jina ni la Kiarabu, maana yake mfuasi. Inafuata nani? Kale kambogi ka nyota zimebanana juu yake. Waswahili wanakaita Kilimia, Wasomali Urur, Waarabu Thurayya. Ndio, kama zile simu za satelaiti.

Kwa wafugaji wa huku, hizo si nyota za kutafutia mchumba. Kalenda ya Waborana, vile Asmarom Legesse aliiandika 1973, hutambua mwezi mmoja kwa hilali kuandamana na Kilimia, na unaofuata kwa Aldebaran. Nao Wasomali, Urur ikichomoza jioni, msimu wa deyr umefika: mvua ya Oktoba hadi Desemba. Ikizama magharibi jioni, Aprili kuelekea Mei, ni gu. Hapo ndio mzee anaamua mifugo ihame ama ingoje.

Lakini nyota hazileti maji, zinasema tu ni saa ngapi. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ilifeli mfululizo. Urur ilirudi kila mwaka kwa wakati wake, chini ng'ombe wakikufa.

Mei Kilimia hupotea kwa mwanga wa jua, halafu Juni kinatokea tena mashariki kabla kupambazuke. Ukiamka na adhana ya alfajiri, utakipata.