Kitenzi kishirikishi na kitenzi cha kutenda katika Kiingereza

Kitenzi kishirikishi na kitenzi cha kutenda ni aina mbili za vitenzi zinazotofautiana kwa kazi zake ndani ya sentensi. Kitenzi cha kutenda hueleza jambo linalofanyika. Kitenzi kishirikishi hakielezi tendo. Kazi yake ni kumfungamanisha mtajwa na sifa yake, hali yake au jina lake. Katika "She sells honey in Kanyenye" kuna tendo la kuuza asali. Katika "She is a trader in Kanyenye" hakuna kinachotendeka. Tumeambiwa tu kwamba mama huyo ni mfanyabiashara.

Kanyenye ni kata ya Manispaa ya Tabora, mji uliokijua Kiswahili zamani kuliko Kiingereza. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, njia ya misafara kutoka pwani ilikuwa imekwisha kukileta Kiswahili huko. Kiingereza kilikuja baadaye, kwa mlango wa shule, baada ya majeshi ya Wabelgiji kuwatoa Wajerumani mjini Septemba 1916 na Tanganyika kuwekwa chini ya Waingereza.  Tangu 1967 shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Kiingereza huwa lugha ya masomo kuanzia kidato cha kwanza.

Vishirikishi visivyo na utata ni vichache: "be", "become" na "seem". Hata "be" ina kazi ya pili: katika "She is selling honey" neno "is" ni kitenzi kisaidizi, na tendo limo katika "selling". Tatizo kubwa liko kwa vitenzi vyenye sura mbili, kama "look", "smell", "taste", "feel", "sound", "grow", "turn" na "remain". Mkulima wa Tabora akilima tumbaku, Kiingereza husema "She grew tobacco", na hilo ni tendo. Akizeeka, "She grew old", na hapo kitenzi kilekile kimekuwa kishirikishi.

Kipimo kinachofundishwa sana ni kuweka "was" mahali pa kitenzi. "She was old" inakubalika. "She was tobacco" ni kichekesho. Kipimo hiki ni kizuri lakini hudanganya. Chukua "The train arrived late". Ukiweka "was" unapata "The train was late", sentensi safi kabisa, ilhali "arrived" ni kitenzi cha kutenda. Kinachopotosha ni "late", neno ambalo kwa Kiingereza ni kivumishi na pia kielezi. Kwa hiyo ongeza kipimo cha pili: ondoa neno la mwisho. "The train arrived" inajitosheleza, maana treni imefika. "The honey tasted", kutoka "The honey tasted sweet", inaning'inia, inadai kijalizo, yaani neno la kuikamilisha.

Makosa mengi ya wanafunzi wetu hayatokani na uvivu. Yanatokana na Kiswahili chenyewe kuwa na utaratibu mwingine. Sisi husema asali "inanukia vizuri", na "vizuri" ni kielezi. Mwanafunzi akivuka na utaratibu huo kwenda Kiingereza anaandika "The honey smells nicely", akifuata kanuni halali ya lugha yake. Kiingereza kinataka "smells nice", kwa sababu sifa ni ya asali, si ya namna ya kunusa. Ndivyo ilivyo pia kwa "najisikia vibaya", inayozaa "I feel badly".

Jambo la pili ni kwamba kazi za "is" Kiswahili kimezigawa. Ni mwalimu, yuko sokoni, ana njaa, amechoka: Kiingereza hutumia "is" kwa zote nne. Hali ambazo Kiingereza huziweka katika kivumishi, sisi mara nyingi huziweka ndani ya kitenzi chenye "-me-": embe limeiva, mtoto amelala, baba amekasirika. Ndiyo maana "He has hungry" na "I have tired" hujitokeza kwenye madaftari. Anayesahihisha kwa kalamu nyekundu bila kueleza chanzo atasahihisha kosa hilohilo mwakani.

Katika maabara tofauti ya kishirikishi na kitenzi cha kutenda hugusa hata maana. "The leaf turned blue-black" ina kishirikishi: jani lilibadilika rangi. "The iodine turned the leaf blue-black" ina kitenzi cha kutenda, kwa kuwa sasa yupo mtenda, yaani aidini, na shamirisho, yaani jani. Mwanafunzi wa baiolojia asiyeona tofauti hiyo anaweza kujua jaribio la wanga lote na bado akaandika kwamba jani ndilo lililoigeuza aidini.

Orodha za kukariri hazitoshi, maana "grow" na "turn" zitakaa pande zote mbili za ubao. Mwalimu wa kidato cha kwanza aanze na sentensi mbilimbili za kitenzi kimoja, kisha awaulize wanafunzi wake kwa Kiswahili: hapa nani kafanya nini, na pale nani yu hali gani?