Friji la Bibi na wanafunzi wawili wa Stockholm

Haya wadau, nimerudi. Kimya kimekuwa kirefu, najua. UE zilinikaba, boom likachelewa, na lilipoingia nusu yake ikaenda kijijini (sababu mtaiona huko chini). Leo sina umbea wa hosteli. Leo nina friji.

Juzi kaka yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, ambaye yuko Texas miaka mingi sasa, alinitumia picha iliyonivunja mbavu: wanaume watatu wamebeba friji kubwa, na friji limekwama mlangoni mwa gari. Gari lenyewe ni yale ya kulala ndani, yenye jiko, kitanda na choo, ambayo Wamarekani wanazunguka nayo nchi nzima kama konokono na nyumba yake. Kalinunua likiwa limeshatumika. Friji lililokuwemo lilikuwa la gesi. Kaling'oa, anaweka la kawaida la nyumbani. Mlango ukagoma. Mwisho wakatoa dirisha zima, friji likapita hapo.

Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Friji alilong'oa ni ndugu wa damu wa friji ambalo mimi mwenyewe niliunga mkono liuzwe.

Kwa bibi yangu Rufiji (ndiyo, friji la Rufiji, chekeni mmalize) kulikuwa na friji la mafuta ya taa. Unavuta tangi la chini, unajaza mafuta, unakata utambi sawasawa, unawasha, unalisukuma ndani. Moto chini, baridi juu! Utotoni sikuelewa hata kidogo. Bibi aliuza barafu za ubuyu na ukwaju, na kwa barafu hizo baba yangu alisoma sekondari. Kwenye rafu ya kati kulikuwa na kopo tusiloruhusiwa kuligusa: ndani yake ilikaa insulini ya jirani yetu, mama mmoja mwenye kisukari.

Sasa moto unaletaje baridi? Siri iko kwenye amonia, ambayo inapenda sana maji. Moto unachemsha mchanganyiko wa amonia na maji mpaka amonia inatoka kama mvuke. Mvuke unapanda, unapoa kwenye mabomba ya nyuma, unageuka kimiminika. Kimiminika kikiingia ndani ya friji kinageuka mvuke tena, na ili kifanye hivyo kinahitaji joto, kwa hiyo kinalichukua kwenye vyakula vyako. Ndiyo baridi hiyo. Kisha maji yanaifyonza amonia, inarudi motoni, mzunguko unaanza upya. Mfaransa Ferdinand Carré alipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1859, lakini ilikuwa dude la kiwandani lenye pampu.

Waliolileta jikoni walikuwa wanafunzi kama sisi! Mwaka 1922 Baltzar von Platen na Carl Munters walikuwa wanasoma chuo cha ufundi cha kifalme pale Stockholm. Ujanja wao ulikuwa kuongeza haidrojeni ndani ya mabomba. Hiyo inasawazisha mgandamizo, kwa hiyo pampu haina kazi tena. Hakuna mota, hakuna kinachozunguka, hakuna kelele. Unahitaji joto tu: gesi, mafuta ya taa, hata umeme. Mwaka 1925 Electrolux wakaichukua kazi yao na kuitembeza duniani. Nikifikiria mimi mwaka wa pili bado nahangaika na desa za watu... tuyaache.

Marekani mafriji hayo yalitengenezwa na Servel, kule Evansville, Indiana. Wapinzani wao walikuwa mafriji ya kompresa, yaani yale tunayoyajua wote, yenye mota inayobana gesi na kuvuma usiku kucha. Mwaka 1927 General Electric walitoa friji lao maarufu lenye kompresa juu kama kofia. Hata Albert Einstein aliingia kwenye ugomvi huu: yeye na Leo Szilard walibuni friji lisilo na mota, wakapata hataza ya Marekani mwaka 1930. Mafriji ya kompresa ya enzi hizo yalitumia gesi zenye sumu, na yakivuja yaliweza kuua familia nzima usingizini. Baadaye ikaja freoni, isiyo na sumu ya namna hiyo, na kompresa ikapata nafasi ya kuonekana salama. (Kwamba freoni inatoboa tabaka la ozoni tulikuja kujua baadaye, mpaka mataifa yakaweka mkataba wa Montreal mwaka 1987.)

Hapa ndipo panaponigusa mimi mtu wa historia. Ruth Schwartz Cowan, mwanahistoria wa Marekani, aliandika mwaka 1985 kwamba friji la moto halikushindwa kwa sababu ni baya. Lilishindwa kwa sababu upande wa pili ulikuwa na mafahali: General Electric, Westinghouse, General Motors. Walikuwa na mtaji na matangazo, na makampuni ya umeme yaliwaunga mkono, maana friji linakula umeme usiku na mchana, mteja gani mzuri kama huyo? Miaka ya 1950 Servel wakaacha kabisa.

Friji la moto likakimbilia kule ambako waya haufiki: mashambani, kwenye misheni, kwenye zahanati zenye chanjo, na kwenye magari ya kulala ndani. Kwenye gari lilifaa kweli. Mtungi mmoja wa gesi unalisukuma siku nyingi porini. Lakini lina masharti kama mganga. Gari lazima lisimame sawa, kama fundi kaweka pima maji, maana vimiminika vinatiririka kwa uzito wake tu. Ukipaki kwenye mteremko vinatuama na mabomba yanaungua. Siku za joto kali linachelewa kupoa. Na kuna moto ndani ya nyumba ya mbao na plastiki. Mwaka 2006 kampuni moja iliyatangazia urekebishaji mafriji zaidi ya laki tisa ya namna hiyo kule Marekani, kwa sababu ya hatari ya kuwaka. Watu wakaanza kuyang'oa.

Ila kaka yangu ananiambia friji ndilo alilolinunua mwisho kabisa. Kwanza alinunua betri. Kisha inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Kisha paneli za sola juu ya paa. Ndipo likaja friji, kalifunga kwa vyuma lisihame barabarani, mlango kauwekea komeo, na tundu la moshi la nje kaliziba.

Sisi tulifanya kinyume.

Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Nia njema, lakini dumu la Bibi likawa ghali. Alivumilia miaka. Umeme ulipofika kijijini, baba mdogo akaitisha kikao: moshi, masizi, gharama, hatari ya moto, tununue la kisasa. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha sita, msomi wa ukoo, nikaunga mkono kwa maneno mengi. La zamani likaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Bibi aliuliza kitu kimoja tu: "Haya wajukuu zangu, huo moto wa kwenye waya mnamjua anayeuzima?" Tukacheka.

Masika iliyopita nguzo zilianguka, umeme ukakatika siku tatu na barabara ikawa tope. Siku ya kwanza barafu zikayeyuka, hasara ya Bibi. Siku ya pili likabaki lile kopo. Insulini ya akiba inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na Rufiji mnaijua joto lake. Bibi aliichukua akaiweka kwenye chungu, chungu akakizamisha kwenye mchanga uliolowa, kivulini. Alichojua alikifanya. Lakini mganga wa zahanati alisema dawa ile isitumike tena, kwa hiyo tukachangishana kumnunulia jirani nyingine. Nusu ya boom langu ilienda hapo, na sijutii hata senti. Ninachojutia ni yale maneno mengi ya kikaoni.

Sisemi tulirudishe friji la utambi. Moshi wake naukumbuka kifuani, na usiku Bibi aliamka kutazama moto kama anatazama mtoto mchanga. Ninachosema ni kwamba tulibadilisha friji tukasahau kubadilisha kilichoko nyuma yake. Bibi alikuwa anamiliki moto wake kwenye dumu. Sasa ana friji zuri zaidi na moto usio wake.

Kwa sasa tumejaza chupa za maji sehemu ya kugandisha, zikae humo siku zote. Umeme ukikatika hatufungui mlango ovyo, na insulini inakaa mbali na barafu, maana ikiganda nayo inaharibika. Wazo nimelipata kwenye yale mafriji ya chanjo ya sola yanayogandisha barafu mchana badala ya kutegemea betri. Na baba mdogo keshaanza kukusanya hela ya paneli. Safari hii kikaoni Bibi ataongea kwanza.

Ngoja niwahi kipindi cha saa nane. Nawakilisha!