Karanga, Trekta na Dinamo: Nani Alimsahau Fundi?

Leo tuache kidogo mambo ya UE na mikopo, tuongelee historia ya kwetu Kusini. Wale mnaopanda basi kwenda Masasi mnaijua Nanganga, pale kwenye njia panda ya kwenda Ruangwa na Nachingwea. Wengi tunapapita tumelala. Lakini hiyo njia ya kulia inakupeleka kwenye eneo ambalo Waingereza waliwahi kulimwagia hela za kutisha, na mashine zao zikawashinda.

Nazungumzia mradi wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company akatoa wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine. John Wakefield akatumwa kupima, kisha serikali yao ikakubali: ekari zaidi ya milioni 3, gharama kama pauni milioni 25, sehemu kubwa hapa Tanganyika. Maeneo yakawa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli kutoka Mkwaya karibu na Lindi, na bandari ya kina kirefu Mtwara.

Shuleni tuliambiwa mradi ulikufa kwa sababu ya ukame na udongo mgumu. Ni kweli, Kongwa udongo ulikuwa unakauka kama saruji na mvua haikutosha. Lakini kuna kitu kilitangulia kabla hata karanga hazijaota. Trekta zilikufa!

Trekta mpya hazikupatikana baada ya vita, viwanda vilikuwa vimezidiwa. Wakanunua mitumba ya jeshi, mingine kutoka Ufilipino, mashine zilizokaa kwenye mvua na chumvi ya bahari. Kampuni ya Vickers nayo ikaunda trekta kwa kutumia sehemu za vifaru vya Sherman. Kufikia mwishoni mwa kiangazi cha 1947, theluthi mbili ya trekta zilizoletwa zilikuwa hazifanyi kazi. Spea ziko mbali, karakana hazijakamilika, na madereva wengi hawakuwahi kushika usukani wa trekta maishani. Halafu lawama wakatupiwa wao!

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapo ndipo utaona nani alisahaulika.

Umeme wa trekta ya zamani ni mdogo sana. Chukua Ferguson TE20, ile ndogo ya rangi ya kijivu iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya laki tano. Ina betri, stata, dinamo, katauti, koili, swichi na taa kama zipo. Basi. Mtu mwenye testa na akili iliyotulia anaweza kuifuata waya kwa waya siku moja akaimaliza. Ila ina mitego yake.

Mtego wa kwanza: betri yake inafungwa chanya kwenye bodi. Sisi tumezoea hasi ndiyo inaenda kwenye bodi, kwa hiyo anayekuja na mazoea ya gari za siku hizi anageuza bila kujua. Dinamo inaweza kuvumilia, ila lazima iamshwe upya. Ukifunga alteneta kisha ukageuza betri, umeunguza daiodi zake hapo hapo.

Mtego wa pili ni hiyo kuamsha dinamo. Dinamo inaanza kuzalisha umeme kwa kutegemea usumaku kidogo uliobaki kwenye chuma chake. Trekta ikikaa muda mrefu, usumaku unaweza kupotea. Injini inawaka vizuri, betri haichaji, na mtu anaitupa dinamo nzima. Fundi anayejua anagusisha waya wa betri kwenye sehemu ya F ya dinamo kwa nukta moja tu, usumaku unarudi. Kama bado, ndipo anaangalia kaboni zimeisha au nyuzi zinahitaji kusukwa upya.

Tatu, katauti. Kazi yake ni kufungua njia injini ikiwa polepole, ili betri isirudishe umeme kwenye dinamo. Vidole vyake vikigandana, ukilala na trekta nzima utaamka na betri imekufa na dinamo inanuka moshi.

Nne, waya zenyewe. Stata inavuta umeme mwingi sana kwa muda mfupi, inataka waya mnene. Waya wa nyumba hautoshi: unapata moto, stata inazunguka kichovu, watu wanalaumu betri. Kwa hiyo ukifanya wayaringi upya unaanza kwa kutoa betri, unachora kila waya ulikotoka, unakwangua kutu pale waya wa bodi unapofungwa, ndipo unaweka waya mpya na fyuzi, maana nyingi za zamani hazikuwa nayo.

Mnaona? Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji pauni milioni. Kinahitaji mtu aliyefundishwa, waya wa unene unaofaa na spea ndogo kama kaboni. Mradi ulihesabu ekari kabla ya kuhesabu mafundi. Januari 1951 Uingereza ikautangaza umekwisha, ikafuta pauni milioni 36.5. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ya Nachingwea iking'olewa.

Na huku Kusini ufundi tunao. Vijana wa Newala na Masasi kila msimu wa korosho wanafungua na kufunga mashine za kupulizia salfa, wanajua injini inapokohoa ina maana gani. Mvua zikianza, trekta iliyolala wiki moja kwa sababu ya waya mmoja imemkosesha mkulima msimu mzima. Mkulima hana Bunge la kumfutia deni.

Ndiyo maana nawaambia jamaa zangu wa historia: tukienda kufanya utafiti wa mradi wa karanga tusiishie kwenye makaratasi ya nyaraka. Twende na karakana, tuwaulize wazee waliojifunza kwa mafundi wa zamani namna ya kuamsha dinamo, kabla hawajaondoka nayo. Na siku nyingine mkisikia trekta mia kadhaa zimeletwa kwa mkupuo, swali la kwanza lisiwe ni ngapi. Liwe, nani atazitengeneza?

Mwenye mawazo tofauti karibu tubishane. Tuko pamoja.