Nani Asiye na Kazi Unyambwa?

Mwezi wa nane Unyambwa, jembe limetundikwa. Mtama umevunwa, alizeti imepigwa, na mvua ya Singida, ambayo ina msimu mmoja tu kwa mwaka, haitarajiwi kabla ya Novemba au Desemba. Chukua kijana aliyelima shamba la nyumbani msimu mzima na sasa anashinda kijiweni akisubiri kibarua cha kufyatua tofali. Je, ana kazi? Kila zama zimekuwa na jibu lake, na kila jibu limeamua atakavyotendewa.

Kwa wakoloni, mwanakijiji hakukosa kazi. Alikosa fedha ya kodi. Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, Waingereza wakatoza ya nyumba na ya kichwa. Ili kuilipa, wanaume wengi wa bara walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Mkataba ukiisha, walitegemewa kurudi kwao. Aliyebaki mjini bila ajira aliitwa mhuni, na sheria ya mwaka 1944 iliruhusu “wasiotakiwa” waondolewe mijini. Kukosa kazi kulikuwa kosa la mjini, na dawa yake ilikuwa kijiji.

Uhuru ulikuja, lakini fikra hiyo ilibaki. Katika miaka ya 1960 bei ya mkonge ilianguka, nyuzi za viwandani zikichukua soko lake, na ajira nyingi mashambani zikapotea. Wachumi huuita ukosefu wa ajira wa kimuundo: mtu yupo, nguvu anazo, ila kazi aliyoizoea haihitajiki tena. Hata hivyo, mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, Sheria ya Nguvu Kazi ilitungwa, na watu walioonekana kuzurura Dar es Salaam wakakamatwa na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi mjini. Kijiji walikopelekwa nacho kilikuwa na miezi yake ya jembe kutundikwa.

Baadaye mgambo alimpisha karani wa takwimu. Tafiti za nguvu kazi zilionyesha kiwango cha ukosefu wa ajira nchini kuwa asilimia 12.9 mwaka 2000/01, asilimia 11.7 mwaka 2006 na asilimia 10.3 mwaka 2014. Ukiitazama haraka, hali inapendeza. Lakini kwa kipimo cha kimataifa, asiye na ajira ni yule ambaye hakufanya kazi hata saa moja katika wiki iliyopita, anatafuta, na yuko tayari kuanza. Kijana wetu akifyatua tofali asubuhi moja, ana ajira. Asipofyatua, na akaacha kutafuta kwa sababu anajua hakuna, hahesabiwi kabisa. Ndiyo maana Tanzania ikawa na tafsiri yake ya kitaifa, inayomhesabu pia aliye tayari kufanya kazi hata kama hatafuti.

Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi waliokutana Geneva waligeuza jambo jingine: anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani hahesabiwi tena kuwa na ajira, ingawa kilimo chake kinaendelea kuitwa kazi. Mama wa kijana yule, mwenye kupalilia mtama wa familia kuanzia alfajiri, aliondolewa kwenye safu ya walioajiriwa bila yeye kujua, na wala hakuingizwa kwenye safu ya wasio na ajira.

Kipimo kina uzito kwa sababu tiba hufuata jina la ugonjwa. Anayekosa kazi kwa ajili ya msimu anahitaji maji ya kiangazi, mifugo, au kiwanda cha kukamua alizeti kinachofanya kazi mwaka mzima. Anayekosa kwa sababu za kimuundo anahitaji ujuzi mpya. Kumwambia yeyote kati yao “rudi kijijini ukalime”, kama ilivyosemwa mwaka 1944 na tena mwaka 1983, ni kudhani kwamba kijijini kazi haiishi. Kijana wa Unyambwa hana pa kurudi. Yupo kijijini tayari, shamba analo, na mvua bado miezi mitatu.